Je, wajua nchi ndogo inawezaje kushindana kiuchumi na mataifa makubwa?

Mwaka 1968 visiwa viwili vilipata uhuru, Nauru mwezi wa kwanza, Mauritius mwezi wa tatu. Nauru ilikuwa na fosfeti, yale madini ya kutengenezea mbolea, na miaka ya 70 watu wake walikuwa kati ya wenye kipato kikubwa kabisa duniani. Mauritius ilikuwa na miwa basi, na James Meade, mchumi wa Uingereza aliyekuja kupata Nobel 1977, alishaandika mapema kwamba haioni ikifika mbali. Sasa cheki kilichotokea, fosfeti ya Nauru ikakaribia kuisha, akiba ikaliwa na uwekezaji wa hovyo mpaka ghorofa lao la Melbourne, Australia, likauzwa 2004, huku Mauritius ikipanda.

Kwa nini? Nchi ya watu wachache haina wateja wa kutosha kwake, kiwanda kikubwa kikitegemea wenyeji tu kinakufa, kwa hiyo lazima iuze nje na huko nje hakuna wa kukuonea huruma. Mauritius ilikubali hilo mapema. Mwaka 1970 ikatunga sheria ya kuvipa nafuu ya kodi na ushuru viwanda vinavyouza nje, vya nguo vikashamiri, wanawake wengi wakapata ajira, na faida ya sukari iliyokuwa inauzwa Ulaya kwa bei nzuri sehemu yake ikaingia humo viwandani na kwenye hoteli. Kwangu mimi hapo ndo siri ilipo, hela ya zao la zamani ilizaa kazi mpya kabla zao lenyewe halijayumba.

Maana liliyumba kweli. 2005 mgao wa kimataifa uliokuwa unawekea nchi kikomo cha nguo za kuuza nje ukafutwa, China ikaingia kwa nguvu, na mwaka uliofuata Ulaya ikaanza kushusha bei ya sukari hadi kwa asilimia 36. Viwanda vikafungwa, watu wakaumia, lakini utalii na huduma za fedha vilishasimama.

Udogo nao una faida yake, wakubwa wote wanaenea meza moja. Singapore tangu 1972 ina baraza la mishahara ambapo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wanakaa pamoja, na uchumi ulipodorora 1985, mwaka uliofuata mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa akiba wa wafanyakazi ukashushwa kutoka asilimia 25 hadi 10. Ni uamuzi mchungu sana kwa mfanyakazi, ila ulipita bila nchi kuchafuka kwa sababu watu waliamini wakubwa wao hawawaibii, na imani hiyo huwezi kuinunua.

Ila kosa nalo linasambaa haraka hivyohivyo. Iceland iliacha benki zake 3 kubwa zikope nje mpaka zikauzidi uchumi wa nchi yenyewe mara kadhaa, Oktoba 2008 zote zikaanguka ndani ya wiki moja na serikali haikuwa na ubavu wa kuziokoa.