Mlezi wako wa uandishi huenda alikuwa karani

Tangu serikali ihamie Dodoma, wengi wanaoniletea miswada ni watumishi wa umma. Wanatoka Mtumba, kwenye mji wa serikali, jioni wamechoka, na swali lao ni lile lile: "Shikamoo mwalimu, nitampata wapi mwandishi mkubwa wa kunishika mkono?" Mimi ni mhariri wa hadithi na mashairi, na jibu langu huwavunja moyo kidogo mwanzoni. Waandishi wakubwa wana shughuli zao, na wengine walishatangulia mbele ya haki. Ila vitabu, barua na mahojiano yao vipo, na kwa anayeanza vinatosha kwa muda mrefu, ilimradi achague vizuri.

Kuchagua ndiko kunakowashinda. Mtu humtafuta mwenye jina, nami humwambia atafute mwenye saa zinazofanana na zake. Mwandishi wa Marekani anayesimulia kwenye podikasti kwamba huandika tangu alfajiri hadi adhuhuri hatakufaa sana kama saa moja na nusu asubuhi unatakiwa uwe ofisini.

Kwa hiyo naanza na Shaaban Robert. Aliingia kazini mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, na sehemu kubwa ya maandishi yake aliyaandika huku akiwa mwajiriwa wa serikali. Miaka ya 1940 alihamishiwa huku kwetu, Mpwapwa. (Waliohamishwa kituo wakaacha nusu ya vyombo nyuma, mwenzenu huyo.) Wengi tunamjua kwa vitabu tulivyosomeshwa shuleni. Mimi nawapeleka kwenye barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958, ambazo baadaye zilikusanywa na kuchapishwa. Kitabu kilichokamilika kimeshafutwa jasho. Kwenye barua jasho bado lipo. Mambo ya familia, ya kazi na ya miswada yamechanganyika humo kama yanavyochanganyika kichwani mwako.

Soma barua moja kwa siku, kalamu mkononi. Kwenye daftari, upande wa kushoto andika alichofanya, si alichosema: alimwomba nani, alisubiri nini, alikataa nini. Upande wa kulia andika wewe utafanya nini juma hili kutokana na hilo. Kurasa zikipita upande wa kulia ukiwa mtupu, basi huyo si mlezi wako. Mheshimu, tafuta mwingine.

Mwingine yuko jirani kabisa. Mathias Mnyampala, Mgogo wa hapa hapa Dodoma, alizaliwa 1917 akafariki 1969, na aliwahi kufanya kazi mahakamani. Ndiye anayetajwa zaidi katika kuikuza ngonjera, ushairi wa kujibizana. Anayeandika tamthilia akakwama kwenye mazungumzo nampa ngonjera moja, anakili kwa mkono beti za mhusika mmoja tu, kisha atunge majibu yake kabla ya kuangalia ya mshairi. Aibu inayompata akilinganisha inafundisha kuliko maoni yangu yote ya pembeni mwa ukurasa.

Podikasti nazipenda kwa kiasi. Pakua nyumbani usiku kama bando linabana, sikiliza kwenye daladala. Lakini ushauri mwingi wa huko nje umefungwa na soko la kwao. Wakifika kwenye habari za wakala wa mwandishi, ruka. Hapa kwa kawaida unampelekea mchapishaji mswada mwenyewe, au unauingiza kwenye shindano kama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Na mtangazaji anayekutajia bei ya kozi yake kila mara anatafuta mteja, si mwanafunzi.

Badala yake anza na hotuba ya Nobel ya fasihi ya Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, ya mwaka 2021. Iko mtandaoni bure, maandishi na video. Isome kwanza, halafu msikilize akiisoma mwenyewe, uweke alama kila anapovuta pumzi. Kisha soma kwa sauti ukurasa wako uone wewe unaishiwa pumzi wapi.

Kuna kazi moja ambayo walezi wa namna hii hawaiwezi: kusoma mswada wako. Kwa hiyo tafuta wasomaji watatu walio hai, na angalau mmoja asiwe rafiki yako wala mtu unayemsimamia kazini.