Je, wajua kwa nini BBC ilikataza wimbo mmoja kwa sababu ya makofi?

Mwaka 1942 BBC iliuondoa wimbo wa Kimarekani Deep in the Heart of Texas katika Music While You Work, kipindi cha muziki kwa watu walio kazini. Wimbo haukuwa na tusi wala siasa. Kosa lake ni makofi manne ya mfululizo yanayorudiwa ndani yake: mfanyakazi wa kiwandani akiyasikia, huacha kazi apige makofi, au hugonga mashine kwa spana aliyoshika. Na wakati huo, wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vilikuwa vinatengeneza silaha.

Kipindi kilianza Juni 1940, nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri. Cha asubuhi kiliwekwa saa nne na nusu, wakati zamu imeshachosha na chakula cha mchana bado kiko mbali. Sauti ilitoka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya mashine, na hapo ndipo masharti yake yote yalipoanzia. Mapigo yasipungue wala kuongezeka ghafla. Melodia isikike waziwazi, maana mapambo mengi yakichanganyika na ngurumo huwa kelele tupu. Sehemu za sauti ya chini hazikufaa: mashine huzimeza, msikilizaji akadhani redio imezimika. Waltz (muziki wa dansi wa mapigo matatu) za polepole nazo ziliepukwa, kwani huleta usingizi.

Mtangazaji hakuingia kati ya nyimbo. Bendi iliziunganisha moja kwa moja, kwa hiyo mwandishi wa muziki alilazimika kutunga vipande vifupi vya kuvukia kutoka ufunguo mmoja wa muziki (ngazi ya sauti ya wimbo) hadi mwingine. Kazi hii haisifiwi inavyostahili. Mpiga tarumbeta hawezi kupuliza nusu saa bila midomo kulegea, hivyo mpangilio mzuri huwaachia saksofoni au fidla melodia ili yeye apumue. Santuri zingerahisisha mambo, lakini mikataba na kampuni za santuri iliibana BBC kwa saa chache tu kwa juma, na chama cha wanamuziki kilitaka wanachama wake wapate kazi.

Vita viliisha, kipindi kikaendelea hadi 1967, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa sahihi: kwanza jiulize mikono ya msikilizaji inafanya nini saa hiyo. Ratiba ya Light Programme, idhaa ya burudani iliyoanza Julai 1945, inasomeka hivyo. Saa tatu na dakika kumi asubuhi, watoto wakiwa wameshakwenda shule, ni Housewives' Choice, nyimbo walizoomba akina mama wa nyumbani. Kuanzia 1950, saa saba na dakika arobaini na tano mchana kulikuwa na robo saa ya hadithi kwa watoto wasiofikia umri wa shule. Saa nane kamili, vyombo vimeoshwa na mtoto ametulia, ikaingia Woman's Hour.

The Archers, mchezo wa kuigiza wa redio kuhusu familia ya wakulima, ulianza kusikika nchi nzima tarehe 1 Januari 1951, karibu na saa sita mchana. Miezi michache baadaye ukahamishiwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano jioni, watu wakiwa wamerudi nyumbani. Ulibeba ushauri halisi wa kilimo, maana chakula kilikuwa bado cha mgao hadi 1954.

Mashamba mengi hayakuwa na umeme. Redio zao zilitumia betri mbili: ya asidi ya volti 2 ya kuwasha nyuzi za valvu (taa za kioo zilizo ndani ya redio), iliyopelekwa dukani kuchajiwa, na kavu ya volti 90 au 120. Betri ya asidi ikiachwa tupu kwa muda mrefu, salfeti huganda kwenye bamba zake na haishiki chaji tena. Waya wa volti 120 ukichomekwa kwenye tundu la volti 2, nyuzi za valvu zote hukatika papo hapo.