Ishara za Mikono Hazikubuniwa na Kodály
Wanamuziki wengi huamini kwamba ishara za mikono zinazoonyesha sauti za do, re, mi wakati wa kuimba zilibuniwa na Zoltán Kodály (1882–1967), mtunzi wa Hungaria. Sivyo. Zilibuniwa katika karne ya 19 na John Curwen, mchungaji wa Uingereza, ndani ya mfumo wa sol-fa, yaani wa kusoma na kuimba muziki kwa majina hayo ya do, re, mi, alioujenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, mfumo ambao kwaya nyingi za Afrika Mashariki zingali zikiutumia. Kodály na wenzake walizirekebisha na kuzieneza shuleni. Mchango wake mwenyewe, ambao naona haustahili kufunikwa na ishara hizo, ni mkubwa zaidi: kuanzia 1905 alizunguka vijijini akikusanya nyimbo za wakulima, kisha akasisitiza kwamba mtoto aanze kujifunza muziki kwa kuimba nyimbo za kwao.