Bega lililozoea kutoka: maswali ya baada ya upasuaji

Mgonjwa wa wiki ya pili baada ya upasuaji wa bega huwa hanisumbui. Mkono umefungwa, kila jambo anauliza kwanza. Anayenipa kazi ni yule wa wiki ya nane, ambaye maumivu yameisha na ameshajitangazia kupona. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, na maswali haya nayasikia kwa wote wawili.

Kwa nini bega langu lilifika hatua ya kutoka hata nikivaa shati?

Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kibakuli kinachokipokea ni kifupi mno. Fikiria ndimu iliyowekwa juu ya kizibo cha soda. Ndiyo maana mkono unafika mgongoni, juu na pembeni, na ndiyo maana bega linatoka kirahisi kuliko kiungo kingine chochote kikubwa. Kibakuli hicho kimezungushiwa ukingo wa gegedu unaokiongezea kina. Ulipoanguka na pikipiki ile mara ya kwanza, kichwa cha mfupa kilitokea mbele, kama inavyokuwa kwa zaidi ya watu tisa kati ya kumi, na kikaubandua ukingo huo. Mara nyingi haurudi kujishika mahali pake.

Kila linapotoka tena, linakwangua kidogo mfupa wa mdomo wa kibakuli, na kichwa chenyewe hupata bonde kwa nyuma. Kwa hiyo mara ya kwanza ilihitaji ajali, mara ya kumi ilitosha kunyoosha mkono kufunga chandarua. Umri nao una neno lake. Aliyetokwa na bega kabla ya miaka 20 ana hatari kubwa sana ya kurudiwa. Mzee wa miaka 60 harudiwi kirahisi, ila yeye huchanika kano za bega, jambo lenye shida zake.

Mwenzangu alivaa mkanda wa mkono wiki tatu, mimi nimeandikiwa sita. Nani amekosewa?

Huenda hakuna. Upasuaji si mmoja. Upo wa kuurudisha ukingo uliobanduka na kuushonea kwenye mfupa kwa nyuzi zenye vijinanga vidogo. Unaitwa Bankart, kwa jina la daktari Mwingereza aliyeandika kuhusu jeraha hilo mwaka 1923. Siku hizi mara nyingi hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Wa pili unaitwa Latarjet, kwa jina la Mfaransa wa Lyon aliyeueleza mwaka 1954. Huo hutumika zaidi pale mdomo wa kibakuli umelika sana. Daktari hukata kijifupa kilichochomoza mbele ya bega, kile ambacho Wagiriki walikifananisha na mdomo wa kunguru, akakihamishia kwenye ukingo pamoja na kano zake, kisha akakikaza kwa skrubu.

Mfupa na nyama haviungi kwa mwendo mmoja, na kila daktari ana utaratibu wake. Ukiruhusiwa kutoka wodini, dai karatasi yenye jina la upasuaji uliofanyiwa. Nimepokea wagonjwa wengi wenye kovu tu, bila karatasi, na mazoezi ya kubahatisha siyapendi.

Nilizinduka mkono ukiwa mzito kama gogo, na jicho la upande huo limelegea. Wamekata mshipa?

Uwezekano mkubwa ni ile sindano ya ganzi ya shingoni. Hudumu saa 12 hadi 24 hivi, na huweza kulegeza kope, kukwaruza sauti au kufanya pumzi iwe nzito kidogo. Pumzi ikizidi kukubana, ita muuguzi hapo hapo. Kosa la wengi ni kusubiri ganzi iishe ndipo wameze dawa ya maumivu. Maumivu hukukuta saa nane za usiku, na dawa haijaanza kazi. Imeze kabla ya kulala, kama ulivyoandikiwa.

Siku mbili zikipita na vidole bado havikunji, huwezi kukunja kiwiko, au ngozi ya nje ya bega haisikii mguso, mwambie daktari. Kuna neva zinazopita karibu sana na pale walipofanyia kazi.

Nilale vipi, nioge vipi?

Usilale chali kabisa. Jiegemeze kwenye mito, na uweke mto mwingine nyuma ya kiwiko ili mkono usidondokee nyuma. Mkanda usiuvue usiku. Usingizini mtu hana adabu.

Kuhusu kuoga, jambo kubwa ni kwapa, maana joto letu likikutana na mkono uliofungwa, ngozi huchubuka upesi. Ukisharuhusiwa kuvua mkanda, inama mbele, acha mkono uning'inie wenyewe, pitisha kitambaa chenye sabuni, kausha vizuri. Kidonda kisilowe mpaka waseme. Shati liwe la vifungo: mkono uliopasuliwa unatangulia kuingia, unakuwa wa mwisho kutoka. Kinadada, sidiria ya kufungia mbele itawapunguzia machozi.

Kula kwa mkono huo inawezekana mapema kwa wengi, mradi kiwiko kibaki ubavuni na sahani isogezwe karibu. Tonge lifuate mdomo kwa kukunja kiwiko, bega lisiinuke.

Shikamoo. Mama mkwe ameleta mchuaji, anasema bega likikandwa kwa maji ya moto litalainika.

Marahaba, mwanangu. Mshukuru mama mkwe, mpe mchuaji chai, kisha aende zake. Siwabezi wazee hawa. Hata Hippocrates wa Ugiriki ya kale alikuwa akiwachoma wagonjwa wake kwapani kwa chuma cha moto, ili kovu lizuie bega kutoka. Kila zama na ufundi wake. Lakini ndani ya bega lako kuna nyuzi zinazoshikilia kitu ambacho hakijaota. Mvuto mmoja wa mkono kwenda nje unaweza kuzing'oa. Likiuma, weka barafu iliyofungwa kwenye taulo kwa dakika 15 hadi 20, bila kulowesha kidonda.

Wiki ya nane sasa, siumwi kabisa. Naweza kurudi kwenye bodaboda?

Bado. Maumivu hupungua kwa sababu uvimbe umeisha na kidonda cha ngozi kimefunga. Ukingo ulioshonwa haujapata nguvu ya kubeba mshtuko, na kama ni mfupa uliohamishwa, kwa kawaida tunasubiri picha ya miezi mitatu hivi kuona kama umeunga. Mvutaji wa sigara husubiri zaidi, kwani moshi huchelewesha mfupa kuunga.

Mwenendo wa kawaida ni huu. Wiki za mwanzo unakunja vidole, kifundo na kiwiko, na kuubembeza mkono ukiwa umeinama. Mkanda ukivuliwa, mkono mzima unausaidia ulio mgonjwa kupanda, kisha unapanda wenyewe. Kuuzungusha kwenda nje, kama mtu anayesukuma mlango kwa mgongo wa kiganja, tunakwenda nako polepole, kwa kuwa ndiko kunakovuta mshono. Mpira wa kuvuta na uzito huanza karibu na wiki ya 12. Bodaboda ina mashimo, matuta na abiria anayekushika bega ghafla. Usipande mpaka uweze kuudhibiti usukani kwa mikono yote miwili bila kusita, na daktari awe amekubali.

Naswali vipi?

Kaa kwenye kiti au piga ishara. Sijda ya kuegemea kiganja inasukuma bega kwa uzito wa mwili, hivyo iache mpaka uruhusiwe. Hukumu yake muulize sheikh wako. Nijuavyo mimi, dini imemwekea mgonjwa nafasi.

Nina kifafa. Upasuaji utadumu?

Degedege moja lina nguvu ya kung'oa kila kilichoshonwa. Dawa za kifafa zisikatike hata siku moja, na kama degedege bado linakuja, rudi kwa daktari wa kifafa kabla ya kunijia mimi.

Nikimbilie hospitali nikiona nini?

Homa, usaha, wekundu unaosambaa, vidole vya baridi au vya bluu, kifua kubana, mguu kuvimba upande mmoja, au bega kubadilika umbo baada ya kuhisi limetoka. Likitoka tena, asilirudishe rafiki.

Mimi ni kipa. Lini uwanjani?

Michezo ya kugongana wengi huirudia kati ya miezi minne na sita, na kipa namweka upande wa sita, kwa sababu anaangukia bega lile lile mkono ukiwa juu. Kalenda peke yake hainitoshi. Nataka nguvu za bega hilo zikaribie za lenzake, mwendo wa kwenda nje uwe umerudi (kwa baadhi ya watu hubaki pungufu kidogo), na nikikuwekea mkono kwenye mkao wa kurusha jiwe usishtuke. Kuna wanaoondoka kwangu na bega zima lakini macho yanafumba kila mpira ukija, hao nao bado.

Njoo na glavu zako. Tutaanza na mipira ya kuviringisha chini, ukiwa umepiga magoti kwenye godoro.