Samaki wa Tangini Akiugua: Dhana Potofu na Ukweli

Anayefuga samaki nyumbani hakosi washauri. Samaki akijibanza pembeni na mapezi ameyakunja, mmoja atakwambia tia chumvi, mwingine fungua kidonge cha antibiotiki umwagie humo, wa tatu mwaga maji yote uanze upya. Ubaya wa ushauri wa aina hii ni kwamba karibu wote uliwahi kumsaidia samaki fulani, kwa ugonjwa fulani, kwenye tangi fulani. Ukihamishiwa kwa samaki mwingine unaweza kumuua. Msimamo wangu ni mmoja na utauona ukijirudia: kabla hujashika chupa yoyote ya dawa, pima maji.

Dhana: “Maji yanang'aa, kwa hiyo maji si tatizo”

Kwa maoni yangu hii ndiyo inayoua kuliko zote. Samaki hutoa amonia mfululizo, sehemu kubwa kupitia matamvua, na chakula kinachooza ndani ya changarawe huongeza nyingine. Amonia haina rangi ndani ya maji, na kiasi kinachotosha kuunguza matamvua hutakisikia kwa pua. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao hawaji tayari kutoka bombani. Hujijenga polepole kwenye sponji ya kichujio, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Ndiyo maana samaki wa tangi jipya huanza kufa mmoja mmoja ndani ya mwezi wa kwanza, maji yakiwa maangavu kabisa na mwenye tangi akiapa kwamba ameuziwa samaki wagonjwa.

Samaki aliyedhurika kwa amonia hupumua harakaharaka, matamvua huwa mekundu kuliko kawaida, na pengine hurukaruka ovyo. Nitriti nayo huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni. Damu hugeuka rangi ya kahawia, na samaki huhema juu ya maji hata kama pampu ya hewa inatoa mapovu mchana kutwa. (Samaki aina ya beta usimhesabu hapa. Yeye huja juu kuvuta hewa kwa maumbile yake, akiwa mzima kabisa.) Mtu akiziona dalili hizi hudhani ni maambukizi. Anatia dawa, dawa haisaidii, anatia nyingine.

Kipimo cha matone hakichukui muda. Unajaza kichupa maji ya tangi hadi kwenye mstari, unadondosha matone, unatikisa, unasubiri dakika chache, halafu unalinganisha rangi na ile ya kwenye kadi. Kwa vipimo vingi vya amonia, njano maana yake hakuna kitu, na kadiri rangi inavyoelekea kijani ndivyo hali ilivyo mbaya. Amonia inatakiwa iwe 0, nitriti iwe 0. Nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita, na ikikaa chini ya 20 ni bora zaidi.

Usiiache pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Amonia hukaa majini katika sura mbili, moja sumu kali na nyingine nafuu, na pH ina usemi mkubwa katika kuamua ipi iwe nyingi. Kwenye nyuzijoto 25, pH ikiwa 7 ile kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8 inakuwa asilimia 5 hivi. Kwa hiyo mwenzako anaweza kuwa na amonia sawasawa na yako, samaki wake wakacheza na wako wakafa.

Dhana: “Mwaga maji yote, sugua kila kitu, anza upya”

Ni jambo linaloeleweka. Mtu ameambiwa maji ni machafu, anataka kuyamaliza. Lakini ukisugua sponji ya kichujio chini ya bomba, klorini inawaua wale bakteria uliowasubiri mwezi mzima, na baada ya siku mbili tatu amonia inapanda juu kuliko mwanzo. Halafu samaki ambaye tayari ni dhaifu anaingizwa ghafla kwenye maji yenye joto tofauti, pH tofauti na madini tofauti.

Toa robo ya maji, au nusu ikiwa amonia iko juu sana, na kesho pima tena urudie ikibidi. Sponji isuuze ndani ya ndoo ya yale maji uliyoyatoa tangini, ibinye mara chache tu, uirudishe ikiwa bado ina uchafu kidogo. Haitakiwi kuwa mpya. Maji unayoongeza yawe na joto linalokaribiana na la tangi.

Kuhusu kulaza maji kwenye ndoo wazi usiku kucha: hilo huondoa klorini, kweli. Haliondoi kloramini, ambayo sehemu nyingi hutiwa kwenye maji ya bomba kwa sababu haitoroki upesi. Dawa ya kuondoa klorini, zile zenye sodiamu thaiosalfeti na nyinginezo, hufanya kazi ndani ya dakika chache na kwa mfugaji ni ya lazima kuliko dawa yoyote ya ugonjwa.

Dhana: “Mwenye madoa meupe mtoe, umtibu peke yake hadi madoa yaishe”

Hapa kuna makosa mawili ndani ya sentensi moja, na pengine la tatu kabla hata hujaanza. Angalia kwanza madoa yako wapi. Samaki wa dhahabu dume, wakati wa kutafuta jike, huota vipele vyeupe vilivyopangika kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya ubavuni. Huo si ugonjwa. Watu huwatia dawa madume wazima kwa ajili ya vipele hivi. Ugonjwa wa madoa meupe hauna mpangilio: vidoa kama punje za chumvi vimetawanyika mwilini, kwenye mkia, mgongoni, na samaki hujikwaruza kwenye mawe.

Anayeusababisha ni kimelea cha seli moja kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Doa unaloliona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi ya juu, kinakula, na dawa iliyomo majini haikifikii humo. Kikishiba hudondoka, hujibandika kwenye changarawe au jani, hujifungia ndani ya kifuko na kuanza kujigawa. Kimoja huzaa mamia. Watoto hao hutoka wakiogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi hufa. Ni hao waogeleaji ndio dawa inayowaua.

Ukishaujua mzunguko huu, mengine yanajieleza. Kumtoa mmoja hakusaidii kitu ikiwa wenzake wamebaki na mbegu ya ugonjwa iko kwenye changarawe. Linalotibiwa ni tangi zima. Na madoa yakitoweka haina maana amepona: inawezekana vimelea vimedondoka tu kwenda kuzaa. Anayeacha dawa siku hiyo hushangaa wiki inayofuata madoa yakirudi mengi zaidi. Maliza muda wote ulioandikwa kwenye chupa, na usiishie hapo kama siku chache hazijapita tangu doa la mwisho. Kwenye nyuzijoto 25 mzunguko mzima hauzidi wiki moja hivi. Kwenye maji ya baridi huvuta wiki kadhaa, na matibabu nayo huvuta.

Dhana: “Ongeza joto, joto hufukuza kila ugonjwa”

Kwa madoa meupe, joto husaidia kwa sababu huuharakisha ule mzunguko na kuwaleta waogeleaji mbele ya dawa mapema. Lakini maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzijoto 20 lita moja inaweza kushika miligramu 9 hivi, kwenye 30 ni kama 7.5. Samaki mwenye matamvua yaliyoharibika huihisi tofauti hiyo. Panda polepole, na ongeza pampu ya hewa kabla ya kugusa hita.

Kisha kuna ugonjwa ambao joto huuchochea. Ukiona kitu cheupe kama pamba kwenye mdomo wa samaki, au ukanda wa rangi iliyofifia unaovuka mgongo na kushuka ubavuni, wengi watasema ni fangasi. Mara nyingi ni bakteria, Flavobacterium columnare, na kwenye maji ya joto huweza kumaliza samaki ndani ya siku chache. Samaki mwenye ugonjwa huo ukimpandishia joto umemsukumia kifo.

Dhana: “Chumvi ni dawa ya kila kitu”

Wapo pia wanaosema kinyume, kwamba chumvi ni sumu kwa samaki wa mito na maziwa. Wote wamevuka mpaka. Gramu 1 hadi 3 kwa lita humpunguzia samaki mgonjwa kazi ya kuyatoa maji yanayopenya mwilini mwake, na kloridi iliyomo huzuia nitriti isiingie kupitia matamvua. Nitriti ikiwa juu, hiyo ndiyo huduma ya kwanza wakati unabadili maji. Mimea mingi na baadhi ya jamii za kambare hawaipendi.

Kinachowakosesha watu ni hesabu. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 ni lita 63 kwenye karatasi. Toa changarawe, mawe na ile nafasi ya juu usiyoijaza, utabaki na kama lita 50. Ukipima kwa 63 umezidisha kwa robo, na kwa dawa kama za shaba au malakaiti kijani robo si jambo dogo. Kumbuka pia kwamba chumvi haitoki na mvuke. Maji yakipungua kwa kukauka, jazia maji matupu; chumvi unairudisha kwa kiasi cha maji uliyoyachota tu.

Dhana: “Antibiotiki haina hasara, jaribu tu”

Haigusi kimelea cha madoa meupe. Haigusi amonia. Baadhi yake huwaua bakteria wa kichujio, na matumizi ya kubahatisha huzalisha bakteria sugu. Kuna madaktari wa mifugo wanaotibu samaki; picha nzuri, vipimo vya maji na historia ya tangi huwasaidia kuliko maelezo marefu. Dawa yoyote utakayotumia, toa kwanza mkaa kwenye kichujio, maana utainyonya yote, na usichanganye mbili bila kuambiwa. Ukiwa na konokono au kamba humo, shaba itawaua.

Dhana: “Hataki kula, mwongezee chakula”

Chakula asichokula kinakuwa amonia. Samaki mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki bila kula. Samaki wa dhahabu wa umbo la duara akielea upande au kichwa chini, kumnyima chakula siku 2 au 3 ni moja ya mambo ya kwanza ya kujaribu, halafu njegere iliyochemshwa na kumenywa. Wengine wana kasoro ya kibofu cha hewa tangu kuzaliwa, na hao njegere haitawasaidia.

Dhana: “Kuvimba na magamba kusimama kuna dawa yake”

Hiyo ni dalili, ikimaanisha mara nyingi kwamba figo zimeshindwa na maji yamejaa mwilini. Wachache hupona. Asiyekwambia hivyo anakuuzia kitu.

Dhana: “Samaki hasikii maumivu, mwage chooni”

Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walionyesha kwamba samaki aina ya trauti wana neva za kutambua madhara usoni. Waliodungwa asidi mdomoni walisugua midomo kwenye changarawe na kuchelewa kurudi kula. Wataalamu wanaendelea kubishana kuhusu anachohisi hasa, lakini mimi sioni sababu ya kumfanyia majaribio. Choo na friza viache. Mafuta ya karafuu kwa kipimo kikubwa humlaza kwanza usingizi. Muulize daktari wa mifugo kiasi, na umwache humo nusu saa baada ya matamvua kuacha kucheza. Usimtupe mtoni, akiwa hai wala amekufa.

Dhana: “Ugonjwa wa samaki haumpati mtu”

Mengi hayampati, lakini Mycobacterium marinum, jamaa wa kifua kikuu, huingia kupitia mkwaruzo wa mkononi na kuleta vinundu vinavyojitokeza wiki kadhaa baadaye, vya kutibiwa kwa miezi. Ukiwa na kidonda vaa glavu, na bomba la kunyonyea maji usilivute kwa mdomo. Kinundu kwenye kidole kisipopona, mwambie daktari kwamba unafuga samaki. Asipojua hilo, huenda asiwaze kabisa kukipima kwa ajili ya bakteria huyo.