Chumvi haiui kila kitu

Ukikaa barazani Malindi, Mjini Unguja, hukosi kusikia: "Bahari haichafuki, chumvi inaua kila kitu." Wengine huongeza kwamba hata dini inasema maji yake ni tohara. Ni kweli, yanafaa kwa udhu. Lakini tohara ni suala la ibada. Anayechota sampuli kwenye chupa ili kupima uchafu wa maji anauliza jengine kabisa.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Chumvi hiyo, pamoja na jua, huwadhoofisha bakteria wengi wa kinyesi, ila haiwamalizi papo hapo. Enterokoki, kundi mojawapo la bakteria hao, huivumilia muda mrefu kuliko wenzao, ndiyo maana hao ndio hupimwa kwenye fukwe za kuogelea. Metali kama risasi na zebaki ndiyo kabisa: hizo ni elementi, hakuna cha kuziua.

Wala si lazima ziende mbali. Maji ya bamvua yakipwa, tia mkono kwenye tope jeusi la mikoko: laini kama unga uliokandwa, linanuka yai viza. Chembe zake ndogondogo hushika metali, tabaka juu ya tabaka. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, tope hubaki. Kwa hiyo wapimaji hulichota nalo.

Na chaza? Hula kwa kuchuja maji, na baadhi ya anachokichuja humkaa mwilini. Ukimchemsha vizuri, vijidudu vingi hufa. Risasi haitoki kwa moto, wala kwa ndimu.