Diski zimepotea baada ya kubadilisha draiva? Anzia kwenye kadi

Seva imewaka, ESXi (mfumo wa VMware unaoendesha mashine pepe) imepanda vizuri, lakini hifadhi ya data haionekani na mashine pepe zote hazifikiki. Ikiwa kitu cha mwisho ulichogusa ni draiva ya kontrola ya diski (kadi inayounganisha diski na seva), nakusihi jambo moja kabla ya yote: usitengeneze hifadhi mpya juu ya diski inayoonekana kana kwamba ni tupu. Mara nyingi data iko palepale, njia ya kuifikia ndiyo iliyokatika. Ukifomati, umeipoteza kweli.

Mimi huanzia chini kabisa. Ingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuandika amri ukiwa mbali) uandike `esxcli storage core adapter list`. Kama kontrola yako haimo kwenye orodha hiyo, basi hakuna draiva iliyoichukua, na kuhangaika na diski ni kupoteza muda. Sasa andika `vmkchdev -l`. Amri hii huonyesha kadi hata isipokuwa na draiva, pamoja na namba zake nne za utambulisho. Kadi za MegaRAID zenye chipu ya SAS3108, kwa mfano, huanza na 1000:005d, na draiva yake ni lsi_mr3. Tafuta kwa namba hizo kwenye orodha ya VMware ya vifaa vinavyokubalika, usitafute kwa jina lililobandikwa kwenye kadi, maana watengenezaji wa seva huuza chipu ileile kwa majina yao wenyewe.

Ukipandisha ESXi hadi toleo la 7.0, la mwaka 2020, kumbuka kwamba draiva zote za zamani za vmklinux (zilizotokana na Linux) ziliondolewa. Kadi iliyozitegemea hizo tu haitaonekana tena, hata uwashe na kuzima mara ngapi. Pia pitia `esxcli system module list`: kuna mafundi waliozima lsi_mr3 makusudi ili megaraid_sas, mojawapo ya draiva hizo za zamani, ishike kadi, kisha megaraid_sas ikaondolewa na kadi ikabaki bila mwenyewe. Iwashe kwa `esxcli system module set --enabled=true --module=lsi_mr3`, halafu uwashe seva upya.

Kuna hali nyingine inayowachanganya wengi zaidi. Kadi ipo, diski zipo, ila hifadhi haipo. VMFS, mfumo wa mafaili wa hifadhi hiyo, huandika ndani yake kitambulisho cha diski ambayo hifadhi imewekwa. Draiva mpya inaweza kuitaja diski ileile kwa kitambulisho kingine, labda kinachoanza na naa. badala ya mpx., na ESXi ikiona havilingani huihesabu hifadhi kuwa nakala na hukataa kuipachika. `esxcfg-volume -l` itakuonyesha. Ukiwa na hakika kwamba hakuna nakala halisi ya hifadhi hiyo inayoonekana kwenye seva, ipachike kwa `esxcfg-volume -M` ikifuatwa na UUID yake, yaani kitambulisho cha hifadhi yenyewe. Herufi kubwa M huifanya idumu hata baada ya kuwasha upya. Mimi siyo mpenzi wa kuipa saini mpya, kwa sababu UUID hubadilika na inabidi usajili mashine pepe zote upya.

Yote yakishindikana na kazi imesimama, bonyeza Shift+R wakati ESXi inaanza kupanda ili urudi kwenye toleo lililotangulia, ambalo hubaki kwenye altbootbank (sehemu ya diski inayohifadhi toleo la awali); ila ukishapanda kutoka 6.x hadi 7.0, kurudi nyuma kwa njia hii hakuwezekani. Lakini kwanza nakili `/var/log/vmkernel.log` nje ya seva. Humo ndimo utakapokuta draiva ilisema nini ilipojaribu kuichukua kadi.